Kabla ya bwawa, nywesha udongo

Mfugaji akiniuliza achimbe bwawa la ukubwa gani, nami humuuliza: mvua ikinyesha kwenye malisho yako, maji yanakwenda wapi? Milimita 10 tu za mvua kwenye hekta moja ni lita 100,000. Ardhi ikiwa tupu na imefanya ukoko, mengi hukimbilia korongoni, yakibeba mbegu, samadi na udongo wa juu. Bwawa litadaka kiasi, halafu jua lianze kuyanywa, na mifugo itakayojazana hapo itakanyaga majani ya kandokando mpaka libaki vumbi. Mimi nataka maji yakae ilipo mizizi.

Kwa hiyo tembea kwenye malisho mvua inaponyesha (ya radi iache ipite). Chomeka vigingi pale maji yanapoanza kuungana kuwa vijito. Huko juu ndiko pa kuanzia. Wengi huanzia korongoni, ambako maji yameshapata nguvu ya kubomoa lolote utakalojenga.

Kwenye mteremko mdogo napenda matuta ya nusu mwezi. Simika kigingi, funga kamba ya mita 6, zunguka nayo uchore nusu duara, uwazi wake ukielekea juu maji yanakotoka. Chota udongo wa upande wa ndani, uupange juu ya mstari na kuushindilia mpaka tuta lifike sentimita 25 hivi. Ncha zake mbili lazima ziwe usawa mmoja, na hapa usiliamini jicho: pima kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani (maji ya ncha zake mbili husimama usawa mmoja), au kwa fremu ya herufi A, yaani miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la A na kuning'inizwa uzi wenye jiwe. Ncha moja ikiwa chini, maji yote yatatokea hapo na kuchimba mfereji. Zikilingana, ziada itapita taratibu pande zote mbili, idakwe na matuta ya mstari wa chini, uliyoyapanga mkabala na mapengo ya juu.

Ndani vunja ukoko, mwaga mbegu za majani ya asili ya hapo, uzifukie kidogo mno, kisha tandaza matawi ya miiba. Hupunguza ukali wa jua na humchelewesha mbuzi.

Humchelewesha tu, maana majani mabichi yakichipua katikati ya ukame kila mnyama atayaona. Msimu wa kwanza yaache yakomae na kudondosha mbegu. Ukizidiwa na ukame baada ya hapo, kata majani uwabebee mifugo. Malisho yakiwa ya pamoja, kikao kitangulie sururu. Nimeona matuta mazuri yakisawazishwa kwa kwato kwa kuwa aliyechimba hakuzungumza na wenzake.

Mvua kubwa ya kwanza ikikatika, kagua na uzibe palipobomoka siku hiyohiyo. Na kama udongo wako ni mfinyanzi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi, matuta haya yaache. Maji yatapenya kwenye nyufa na kuyabomoa. Huko pumzisha ardhi tu, upande mbegu.