Fundi anataka kuisugua kulabu yangu ya kale kwa asidi ili dhahabu ing'ae. Nimpe?

SWALI: Kaka yangu anayefanya biashara Guangzhou ameniletea kulabu ya mkanda ya Kichina, ndefu kama kidole, yenye njumu za dhahabu na vijiwe vya feruzi. Muuzaji alisema ina miaka 2,300. Kutu ya kijani imefunika nusu yake, na unga wa kijani mpauko unadondoka. Sonara wetu anasema kwa asidi kidogo itang'aa ndani ya nusu saa.

JIBU: Usimpe, dada yangu. Kama ameshaichukua, ifuate leo.

Kila anayeniletea shaba ya kale ananiambia kwamba kutu ni uchafu na chini yake kuna kitu kizima kinachosubiri kuoshwa. Sivyo. Bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, ikikaa ardhini karne nyingi, sehemu yake ya juu hugeuka kuwa madini. Umbo alilolichonga fundi hubaki ndani ya hiyo kutu. Mafundi wa enzi ya Madola Yanayopigana (475–221 KK) walilaza dhahabu na fedha kwenye mifereji, wakagonga, kisha wakasugua hadi uso ukawa sawa. Dhahabu haili kutu, lakini ukuta wa mfereji unaoishika umekwisha kuwa kutu. Asidi ikiuyeyusha ukuta huo, uzi wa dhahabu unaanguka kwenye beseni. Feruzi nayo ina shaba ndani yake na ina vitundu. Asidi huiharibu vilevile. Halafu kuna alama za nyuzi za nguo ambazo kutu huzihifadhi, pengine ndizo masalia pekee ya vazi la marehemu aliyezikwa nayo. Sonara anazimaliza kwa brashi moja.

Huo unga mpauko ni jambo jingine. Ni ugonjwa wa bronzi: kloraidi (iliyomo ndani ya chumvi), unyevu na hewa vikikutana hutengeneza asidi, nayo huzidi kuila shaba. Weka kulabu kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, usiioshe, na uipeleke kwa mhifadhi wa metali wa makumbusho. Wala usidhani unga huo unathibitisha ukale. Waghushi huuzalisha kwa chumvi, na kijani kingine ni rangi na gundi tu.

Umri wake siwezi kuusema kwa maelezo ya muuzaji. Kama ni ya kweli, una tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa sheria za China haziruhusu vitu vya namna hiyo kutolewa nchini. Soko hili lina historia chungu. Makaburi ya kale ya Jincun, karibu na mji wa Luoyang huko China, yaliporwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mali yake ikatawanyika hadi Toronto, Japani, Ulaya na Marekani. Askofu William Charles White wa Kaifeng, aliyenunua vitu kwa ajili ya makumbusho ya Toronto, alichapisha kitabu kuhusu makaburi hayo mwaka 1934, lakini yeye hakuyachimba. Alitegemea maneno ya wauzaji. Hadi leo vitu vingi vinaitwa "vya Jincun" na hakuna awezaye kusema vilitoka kaburi lipi. Taarifa ikishapotea hivyo, chembe za udongo na kutu iliyogandia ndio ushahidi uliobaki. Na huo ndio mnaotaka kuusugua!

Nawaambia pia wanaookota sarafu za shaba za Kilwa ufukweni. Mafundi wa mitandaoni wanaowafundisha kuzichemsha kwa ndimu na chumvi wanawaongezea kloraidi ileile, na jina la sultani, ambalo mara nyingi limebaki kwenye tabaka la kutu tu, linamwagwa pamoja na maji.