Shule ya Mtakatifu Frances, Baltimore: si wamisionari waliotangulia

Hapana ndugu, si kweli kwamba shule za Kikatoliki za Wamarekani weusi zote zilianzishwa na wamisionari wazungu baada ya utumwa kuisha. Chukua St. Frances Academy ya Baltimore, jimbo la Maryland. Ilianza 1828, na utumwa Maryland ulikuja kufutwa 1864. Hesabu mwenyewe.

Mwanzilishi ni Elizabeth Lange, mwanamke mweusi mwenye asili ya Karibea aliyekuwa akizungumza Kifaransa. Kabla ya hapo alikuwa tayari anafundisha watoto nyumbani kwake, kwa gharama yake. Padri James Joubert, Mfaransa, alikuwa akiwafundisha katekisimu watoto wa wakimbizi waliotoka Haiti, akakwama: wangeikaririje na kusoma hawajui? Ndipo akamwendea Lange. Kwa hiyo padri alisaidia, lakini kazi aliikuta.

Mwaka uliofuata, 1829, Lange na wenzake watatu wakaweka nadhiri, likazaliwa shirika la Oblate Sisters of Providence, watawa weusi, katika mji ambamo watu weusi wenzao walikuwa bado wananunuliwa na kuuzwa. Hapo ndipo alipoitwa Mama Mary Lange.

Mwanzoni shule ilikuwa ya wasichana tu. Siku hizi wavulana wamo, tena timu yao ya mpira wa Kimarekani inavuma sana. Mama Lange alifariki 1882. Juni 2023 Papa Fransisko alitambua rasmi fadhila zake za kishujaa, yaani hatua mojawapo ya kuelekea kutangazwa mtakatifu, na shule bado ipo Baltimore.