Snapper imewashwa, lakini kilo za korosho hazimo

Mkuu wa Masasi, umesema kompyuta ya chama chenu cha msingi ina openSUSE (aina ya Linux), Snapper (programu ya kupiga snapshoti, yaani picha za hali ya mafaili kwa wakati fulani) ilikuja nayo tayari, na unauliza kama hapo suala la bakapu limekwisha. Bado, mkuu. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Lindi, nilidhani hivyo hivyo na msimu mmoja ulinitoa jasho.

Kwanza angalia snapshoti zako zinashika nini. Ukiiacha openSUSE ilivyojisakinisha, Snapper inalinda mfumo wenyewe tu, yaani `/`. `/home`, yanakokaa mafaili yenu, ni subvoliumu nyingine (sehemu inayojitegemea ndani ya diski), na snapshoti ya Btrfs, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, haivuki kuingia subvoliumu nyingine. Maana yake jedwali la kilo za wakulima halimo kabisa, hata ukiona snapshoti arobaini kwenye orodha. Andika:

`sudo snapper -c home create-config /home`

Halafu fungua `/etc/snapper/configs/home`, hakikisha TIMELINE_CREATE (kupiga snapshoti zenyewe kila saa) ni yes, na upange za kubaki. Mimi nimeacha 10 za saa, 14 za siku, 3 za mwezi, za mwaka 0. Washa `snapper-timeline.timer` na `snapper-cleanup.timer`. Bila hiyo ya pili za zamani hazifutwi, na diski itajaa huku unashangaa: umefuta video ya GB 20 lakini nafasi hairudi, kwa sababu snapshoti bado zimeishikilia.

Faida yake niliiona Novemba, ghala limefurika magunia. Kijana anayenisaidia alitaka majina yakae kialfabeti. Akachagua safu ya majina peke yake, akapanga, akahifadhi. Majina yakahama, kilo zikabaki palepale. Mzee wa gunia mbili akawa na tani, na mwenye tani zake akabaki na gunia mbili. Tuligundua saa saba mchana. Nikaingia `/home/.snapshots/212/snapshot/`, ile ya saa nne asubuhi, nikanakili faili, tukaingiza upya stakabadhi za saa tatu hizo tu. Siku hiyo niliipenda Btrfs kuliko ubwabwa.

Wiki chache baadaye umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na diski ikafa. Snapshoti zote zikafa nayo, maana zilikuwa ndani yake. Snapshoti hainakili data kwenda pengine. Inazuia tu vipande vya zamani visiandikwe juu.

Nilikuwa na diski ya nje, na skripti ya rsync (programu ya kunakili mafaili) ikiendeshwa kila siku, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Kuifungua, faili la mwisho lina umri wa wiki tatu! Kumbe mtu alichomoa waya ili achaji simu, akaurudisha, lakini diski haikupachikwa tena. rsync haiulizi. Ilikuta folda `/mnt/bakapu` ipo, ikamimina humo humo ndani ya kompyuta, na kila siku ikasema imefanikiwa. Tuliingiza wiki tatu kutoka nakala za karatasi, usiku, wakulima wakisubiri malipo ya mnada. Sitaki kuisimulia zaidi.

Sasa mstari wa kwanza wa skripti yangu ni huu, unasimamisha kazi kama diski haijapachikwa:

`mountpoint -q /mnt/bakapu || exit 1`

Diski ya nje nayo ni Btrfs, na rsync ikimaliza, skripti inapiga snapshoti ya kusoma tu hukohuko. Ukitumia `--delete` (rsync ifute kwenye nakala kilichofutwa kwenye kompyuta) bila snapshoti hiyo, kosa la leo litafuta nakala nzuri ya jana.

Cron, ile ya kuendesha kazi kwa ratiba, niliiacha. Kama mashine imezimwa saa ya kazi ikifika, cron inaruka tu. Taima ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) yenye `Persistent=true` inafidia mashine ikiwaka, na kwa umeme wetu huu hilo ni kubwa.

Kuhusu kupandisha mtandaoni, fanya, ila usitegemee huko peke yake. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar kule Kilwa, na mwezi huo huo nyaya za baharini zikakatika, intaneti ikawa ya kubahatisha. Ndiyo maana nina diski mbili: moja ofisini, moja nyumbani kwangu, zinabadilishana kila Ijumaa. Nikiileta ya nyumbani nafungua jedwali lake na kulinganisha jumla ya kilo za tarehe yake na kitabu cha ghala. Dakika tano tu.

Ukikwama, bandika hapa jibu la `snapper list-configs`. Likionyesha root (ile ya `/`) peke yake, rudi kwenye ile amri ya kwanza kabla hamjafungua mizani.