Wembe si ule ule: kuchagua wembe wa makali mawili unaokufaa

Watu wanaohamia kwenye mashine ya chuma, ile yenye kipini na kichwa kinachobana wembe mmoja wa makali mawili, huhangaika sana na mashine. Wanauliza ipi nzito, ipi ya kipini kirefu, ipi inang'aa. Wembe wanauchukua wowote ulio karibu. Mimi ningefanya kinyume. Mashine mbili za wastani hazitofautiani sana usoni, lakini nyembe mbili ambazo huwezi kuzitenganisha kwa macho zinaweza kukupa asubuhi mbili tofauti kabisa: ndevu zilezile, sabuni ileile, mkono uleule, ila leo shingo imetulia na juzi ilikuwa inawaka moto.

Bahati nzuri, majaribio hayahitaji mashine mpya. King C. Gillette alipata hataza ya wembe huu mwembamba wa kutupwa huko Marekani mwaka 1904, na vipimo vinavyotumika leo ni vya wote: unene wa kama milimita 0.1 na uwazi katikati. Wembe wa Japani unaingia kwenye mashine ya Ujerumani bila maswali.

Kinachotofautiana ni chuma chenyewe, namna makali yalivyonolewa, na kile kilichopakwa juu yake. Zamani nyembe zilikuwa za chuma cha kaboni, kali lakini zenye kushika kutu upesi. Miaka ya 1960 Wilkinson Sword ya Uingereza ilileta ushindani mkubwa kwa wembe wa chuma kisichoshika kutu, na sasa karibu kila unachokuta dukani ni cha aina hiyo. Juu ya makali hupakwa kromiamu au platinamu, kisha PTFE, ile plastiki ya kwenye vikaango visivyogandisha chakula, ili wembe uteleze. Kwa hiyo usinunue wembe kwa sababu paketi imeandikwa "platinamu". Nyembe nyingi zimeandikwa hivyo, na hazifanani.

Sasa tuje kwenye jambo linalowachanganya wengi. Wanaposema wembe ni "mzuri" huwa wamebeba sifa mbili ndani ya neno moja. Kuna ukali, yaani wembe kukata unywele bila kuuvuta. Kuna ulaini, yaani wembe kupita juu ya ngozi bila kuikwaruza. Wembe unaweza kuwa mkali lakini mkavu, unakata vizuri halafu baada ya robo saa uso unawasha. Unaweza pia kuwa laini lakini usio na ukali wa kutosha, na huo ndio unaowapoteza wanaoanza. Wanaambiwa waanze na wembe mpole, wanauchukua, ndevu zao ni ngumu, wembe unakwama. Mtu anakandamiza. Anarudia palepale mara nne. Mwisho anatoka damu kwa wembe uliosifiwa kuwa hauumizi mtu, kisha anaapa hatagusa wembe mkali maishani, ilhali wembe mkali zaidi ungemaliza kazi kwa pito mbili nyepesi.

Kwa hiyo sikiliza uso unasema nini. Ukihisi ndevu zinavutwa, ukali umepungua, au hukuzilowesha vya kutosha. Kama wembe unakata bila kuvuta lakini ngozi inabaki nyekundu kote, huenda wembe ni mkavu kwako, au mkono wako ni mzito. Na kama mashavu yamepona ila shingo pekee ina vidoa vya damu, usiulaumu wembe bado. Nywele za shingoni mara nyingi hulala upande usioutarajia; zipapase kwa kidole siku ambayo hujanyoa uone zinaelekea wapi.

Wenye ndevu za kipilipili wana hesabu yao. Unywele uliojikunja ukikatwa chini kabisa ya usawa wa ngozi, unapoota hujipinda na kuchoma ngozi kutoka ndani, na hapo ndipo vipele hutokea. Kwenu nasema wazi: achaneni na ndoto ya kidevu laini kama kioo. Mnahitaji wembe unaokata kwa pito moja, kwa kufuata nywele zinakolala, bila kuvuta ngozi kwa mkono mwingine. Kwa maana hiyo wembe mkali unaweza kuwafaa kuliko mpole, mradi mkubali kubakiza kivuli kidogo cha ndevu. Anayenyoa kinyume cha nywele ili apate ulaini zaidi atavipata na vipele vyake.

Mashine nayo ina neno. Mashine yenye pengo dogo kati ya wembe na ukingo wa chini wa kichwa, ambayo makali yake yamejitokeza kidogo tu, hupunguza ukorofi wa wembe. Ndani yake wembe mkali hutulia. Mashine yenye pengo kubwa haikusamehei, na ndani yake mimi hupenda wembe wa kati. Ndiyo maana sifa za wembe unazosoma kwa mtu asiyetaja mashine yake hazina msaada mkubwa. Feather ya Japani inasifika kwa ukali kupita nyingi, Derby ya Uturuki inasifika kwa upole, na Astra ya paketi ya kijani wengi huiweka katikati. Chukua sifa hizo kama mahali pa kuanzia. Ningekushauri uanze katikati, kwa sababu kutoka hapo utajua kama unahitaji kupanda au kushuka. Ukianzia pembeni huna cha kulinganisha nacho.

Nunua mchanganyiko wa paketi ndogo, aina nne au tano zinatosha. Usinunue sanduku la nyembe mia eti kwa sababu bei yake inapendeza. Kisha wakati wa majaribio usibadilishe kitu kingine chochote: sabuni ileile, brashi ileile, mashine ileile. Ukibadilisha wembe na sabuni siku moja, hutajua nani kaharibu. Kila wembe upe angalau mara tatu kabla ya kuuhukumu. Nimeona nyembe kadhaa ambazo siku ya kwanza zina ukorofi fulani, siku ya pili zinatulia kana kwamba zimezoea uso. Kuna wanaozipitisha kwenye kizibo cha chupa kwanza ili kuondoa ukorofi huo. Mimi sifanyi hivyo, naona ni kuharibu makali niliyoyalipia. Andika neno moja au mawili baada ya kila kunyoa, maana ukifika wembe wa nne utakuwa umesahau wa kwanza ulikuwaje.

Na maji. Wahenga waliposema mwenzako akinyolewa zako tia maji hawakuwa wakizungumzia mashine za chuma, ila ushauri unasimama hata ukiuchukua neno kwa neno. Unywele uliokaa na maji ya vuguvugu dakika mbili au tatu hukatika kwa nguvu ndogo sana kuliko mkavu. Nyembe nyingi zilizotupwa kwa kosa la ubutu zilikuwa nzima. Ndevu ndizo zilizokuwa kavu.

Wembe mmoja unadumu mara ngapi? Wengi hupata kati ya mara tatu na saba, kutegemea ugumu wa ndevu. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walichunguza kwa hadubini jinsi unywele, kitu laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, unavyoweza kuuharibu. Waliona makali yakimeguka vipande vidogo sana pale unywele ulipoyagusa kwa pembe fulani, mahali ambapo chuma hakiko sawasawa. Hilo linaendana na ninachokihisi usoni: wembe uliokuwa mzuri jana unaweza kuanza kuvuta leo. Ukianza kuvuta, uondoe palepale. Kumalizia "mara moja ya mwisho" kunaigharimu ngozi zaidi ya thamani ya wembe. Na usiyafute makali kwa taulo. Suuza, kung'uta maji, acha ukauke wenyewe.

Ukishaupata wako, nunua wa kutosha miezi michache na uuweke pakavu. Siku ukibadilisha mashine, tarajia kuanza tena majaribio kidogo, hasa kama mashine mpya ina pengo tofauti. Wembe usimwazime mtu hata kama ni ndugu, maana homa ya ini na virusi vingine husafiri kwa damu usiyoiona. Zilizokwisha nazitia kwenye kopo la bati nililolitoboa mwanya mwembamba juu, ili anayebeba taka asikatike. Likijaa naliziba kwa gundi ya karatasi na kuandika juu yake kwamba ndani mna nyembe.