Nimwonyeshe zote kumi na mbili?

SWALI: Shikamoo, Shangazi. Nimepata nakala za picha 12 za mchoraji Mwingereza William Hogarth kuhusu bidii na uvivu, za mwaka 1747. Mwanangu ana miaka saba. Nimwonyeshe zote?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zote, hapana. Hogarth alizichora London kwa ajili ya vijana waliokuwa wakifunzwa kazi, na ya 11 inamwonyesha yule mvivu, Tom Idle, akipelekwa Tyburn kunyongwa. Mtoto wa miaka saba atakiota kitanzi; bidii ataisahau.

Anza na ya kwanza. Vijana wawili wako kwenye vitanda vya mfumi, yaani mitambo ya kufumia nguo. Goodchild, yule mwenye bidii, anafuma; Idle amesinzia, na paka anachezea kifaa chake cha kupitishia uzi. Usieleze kitu, mwache atazame. Mjukuu wangu alimwona paka kabla ya watu, akauliza, "Mbona hamfukuzi?" Tukazungumza mpaka chai ikapoa, na neno uvivu sikulitaja.

Kinachoniuma ni kwamba Hogarth hampi Idle nafasi ya kujirekebisha. Basi mpe wewe. Mwulize mwanao: ungekuwa Goodchild, ungemwamshaje mwenzako?