Muulize Sista: Vidole Vinajua, Kichwa Kimesahau

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: Sista, kichwa changu kimeharibika? Nimechagua tano. Nyingine nimezijibu kwa kirefu na nyingine kwa kifupi, kwa sababu hazilingani uzito. Kwa wasomaji wapya, mimi ni muuguzi mstaafu, nilifanya kazi wodini Arua na baadaye Kampala, na siuzi dawa.

*

Sista, habari za siku. Nina duka la nafaka Busia, upande wetu wa Uganda. Namba yangu ya siri ya pesa za simu nimeitumia miaka mingi kwenye simu ndogo ya tochi, bila shida yoyote. Juzi mwanangu aliniletea simu ya kupangusa. Nikasimama kwa wakala, watu wamejaa nyuma yangu, naambiwa weka namba, nikawa kama mtu ambaye hajawahi kuijua. Nimekosea mara tatu, akaunti ikafungwa. Nina miaka 46. Ndio uzee umeanza?
Mama Nafaka, Busia

Hapana, dada. Fanya hivi: shika ile simu ya tochi, hata ikiwa imezimwa, legeza mkono, kisha bonyeza bila kufikiri. Vidole vitakwenda vyenyewe. Wewe tazama tu vinapogusa.

Kumbukumbu si kitu kimoja. Iko ya kujua habari, kwamba jirani kazaa pacha, kwamba gunia la mahindi jana lilikuwa bei gani. Iko pia ya kujua kufanya: kuendesha baiskeli, kusuka mkeka, kupepeta mchele. Hizi mbili hupita njia tofauti kwenye ubongo. Namba yako ulipoichagua uliijua kwa kichwa. Ulivyozidi kuibonyeza kila siku, kazi ikahamia mikononi, na kichwa kikaacha kuitaja. Sasa simu mpya haina vitufe vya kupapasa. Mkono ukapotea, na kichwa kikaulizwa ghafla kitu ambacho hakijaulizwa kwa miaka.

Halafu kuna hao waliokuwa wanaguna nyuma yako. Mwili ukiingiwa na wasiwasi humwaga homoni iitwayo kortisoli. Hiyo husaidia kunasa jambo linalotokea wakati huo, ndiyo maana aibu ile hutaisahau upesi, lakini huzuia kuvuta jambo la zamani. Hukuandika kama namba ilirudi baadaye. Nadhani ilirudi, tena ukiwa unaosha vyombo.

Nenda na kitambulisho chako cha taifa wakufungulie, uchague namba mpya, na kila ukiibonyeza itamke kimoyomoyo. Usiibandike nyuma ya simu. Nimeona watu wanafanya hivyo.

*

Sista, asalaam aleikum. Sisi ni ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Mwaka 1979 Amin alipoanguka, familia yetu ilikimbilia Sudan kupitia Oraba na Kaya. Mimi nilikuwa na miaka 11. Mdogo wangu alizaliwa mwanzoni mwa 1977. Sasa kila tukikaa na watoto, yeye ndiye msimulizi: jinsi mama alivyombeba mgongoni, mbuzi mweupe aliyevutwa kwa kamba, lori la askari lililotupita mbio likatumwagia vumbi. Mbuzi alikuwa mweusi. Na lori tuliliona baadaye, tukiwa tumeshafika kambini karibu na Yei. Nikimwambia hukumbuki, ulikuwa mtoto mchanga, anasema namwita mwongo mbele ya watoto wake. Tumeacha kusalimiana tangu Idi. Amua.
Kaka Mkubwa, Koboko

Kaka Mkubwa, mdogo wako si mwongo, na hakumbuki. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na kwa sababu kila mmoja wenu ameshika upande mmoja, mnagombana bure.

Watu wazima wengi hawana kumbukumbu yoyote ya kabla ya miaka mitatu au minne. Mtoto wa miaka miwili anajifunza mambo mengi: sura ya mama, lugha ya nyumbani, kwamba jiko linaunguza. Lakini tukio lenyewe, nani alikuwepo, nini kilitangulia na nini kikafuata, halidumu naye mpaka utu uzima. Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo hipokampasi ambayo huunganisha vipande vya tukio viwe kitu kimoja, na katika umri ule bado inakomaa. Maneno ya kulisimulia pia hana.

Basi mbuzi mweupe katoka wapi? Katoka kwa mama yenu, au shangazi, au wewe mwenyewe. Mlikaa kambini. Jioni watu wazima wanasimulia njia ilivyokuwa, mtoto yuko miguuni pao anasikiliza. Anasikia mbuzi, anamwona mbuzi kichwani. Anasikia lori, anaona vumbi. Akifika miaka saba naye anasimulia kwa wenzake, na kila akisimulia picha inazidi kukaza. Baada ya miaka, ile alama ya kwamba "niliambiwa" inafutika, na picha inabaki. Kichwa cha binadamu hushika habari vizuri kuliko kinavyoshika mahali habari ilikotoka. Hapo mdogo wako hana kosa, na wala hajui kwamba kuna alama iliyofutika.

Sasa tuje kwako, kwa sababu naona umekaa kwa raha. Miaka 11 inatosha kukumbuka, sikatai. Lakini wewe pia umesimulia safari hiyo maisha yako yote, na kila mtu anapokumbuka huijenga habari upya, kwa vipande alivyobaki navyo na kwa aliyoyasikia baadaye. Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Kundi moja la watu 50 likaulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana". Kundi jingine la watu 50 likaulizwa swali hilohilo, ila yakasemwa "yalipopondana". Baada ya wiki moja wote wakaulizwa: mliona vioo vilivyovunjika? Katika kundi la kupondana, 16 walisema waliona. Katika kundi la kugongana, 7. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika. Hao walikuwa vijana wazima, wameketi kwenye kiti, hawakimbii vita, na ni wiki moja tu imepita. Wewe imepita miaka zaidi ya arobaini.

Kwa hiyo unavyoapa mbuzi alikuwa mweusi, mimi nasikia kiapo tu. Mtu anaweza kuwa na hakika kabisa na akawa amekosea kabisa. Wodini nilisikiliza jamaa za wagonjwa waliopanda gari moja wakaanguka pamoja, na kila mmoja ananieleza ajali yake, hakuna anayetaka kunidanganya.

Kama shangazi au jirani yeyote wa safari ile bado yupo hai, mwendee peke yako, na mdogo wako aende siku nyingine, kabla hamjakaa naye pamoja. Usimuulize "unamkumbuka yule mbuzi mweusi?" Ukiuliza hivyo umeshampaka rangi. Muulize: mlikuwa mmebeba nini? Mkaona nini njiani? Kisha nyamaza. Polisi wetu nao wangefaa kuuliza mashahidi namna hiyo. Na usishangae akikwambia hapakuwa na mbuzi.

Mkisalimiana, mwombe aanze hadithi kwa kusema "mama alikuwa anatusimulia kwamba". Watoto hawatapoteza chochote, watakuwa wamepata sauti ya bibi yao.

*

Sista, mimi ni mwanafunzi wa S6, Mbale. Nafanya UACE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka huu. Nasoma Baiolojia mpaka saa kumi alfajiri, miguu nimeitia kwenye beseni la maji baridi nisisinzie. Nikisoma naelewa kila kitu. Asubuhi kwenye jaribio naona ukurasa kichwani, hata mahali mchoro ulipo, lakini maneno hayapo.
Daktari Mtarajiwa

Toa miguu kwenye beseni, mwanangu, ukalale. Ubongo hukaza uliyojifunza mchana wakati umelala, na wewe unaunyima saa zenyewe za kazi hiyo.

Halafu unajidanganya kidogo. Ukisoma ukurasa mara ya nne unautambua, na kutambua kunafanana sana na kujua. Mtihani hauulizi kama unautambua. Funga kitabu, chukua karatasi tupu, chora nefroni, kile kichujio kidogo cha figo, na uandike majina ya sehemu zake zote kwa kichwa. Utakwama kwenye kitanzi cha Henle, wengi hukwama hapo. Ukikwama usikimbilie kufungua. Hangaika kidogo kwanza, ndipo ufungue usahihishe. Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, walilipima jambo hili mwaka 2006. Ukiwapima wanafunzi dakika tano baada ya kusoma, waliorudia kusoma wanaongoza. Ukiwapima baada ya wiki, waliojijaribu ndio wanaongoza.

La tatu ni kurudia kwa kuachia nafasi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: nusu na zaidi ya faida ya kujifunza ilitoweka ndani ya saa moja, na baada ya siku ikabaki kama theluthi tu. Baada ya hapo kinachopotea hupotea polepole. Nefroni ya leo irudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki ijayo. Saa nne za usiku mmoja ukizigawa hivyo zitakulipa zaidi.

*

Sista, baba yetu ana miaka 78, tunaishi naye karibu na Masindi. Alikuwa dereva wa malori. Tangu mwaka jana anauliza, "Ng'ombe wamekunywa?" Unamjibu, baada ya dakika tano anauliza tena. Ng'ombe tulishauza. Juzi alitoka msikitini, njia aliyoizoea, vijana wa boda wakamkuta upande wa pili wa mji. Lakini wenzake wa darasani mwaka wa uhuru, 1962, anawataja kwa majina, na mizani zote za barabara ya Mombasa: Gilgil, Athi River, Mariakani. Kaka anasema mtu anayekumbuka hayo anajifanya. Jirani anasema amerogwa.
Binti wa Mzee

Binti yangu, hajifanyi. Mwambie kaka yako habari za Henry Molaison. Alikuwa kijana wa Marekani mwenye kifafa kikali, na mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari alimpasua akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Degedege zilipungua. Lakini tangu siku hiyo hakushika tena jambo jipya. Mtafiti Brenda Milner alimfuatilia kwa miongo mingi, na kila alipoingia chumbani Henry alimsalimu kama mgeni. Utoto wake aliukumbuka. Tena alipofundishwa kuchora nyota akitazama kioo, mkono wake uliboreka siku baada ya siku, huku akisema hajawahi kufanya kazi hiyo.

Mizani za Mombasa zilishakaa mahali pake zamani, hazihitaji kunaswa upya. Jibu lako kuhusu ng'ombe linahitaji kunaswa leo, na ndilo linaloanguka. Ugonjwa wa Alzheimer, ule unaokula kumbukumbu za wazee polepole, mara nyingi huanzia karibu na sehemu hiyohiyo.

Lakini mimi sijasema ni Alzheimer. Kuna mambo yanayofanana nao na yanatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni iliyolegea, kaswende ya zamani, VVU, huzuni nzito, dawa za usingizi, damu iliyovuja taratibu ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Waragi, ile pombe kali yetu, ikinywewa miaka mingi pamoja na chakula duni humaliza thiamini (vitamini B1) mwilini na kuharibu kumbukumbu. Wakati mwingine mzee hasikii vizuri tu, na asichokisikia hawezi kukikumbuka. Mpelekeni hospitali ya rufaa Hoima. Bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, za hospitali na za mitishamba, na karatasi yenye tarehe: lini mlianza kuona, lini alipotea. Aliyepotelea njia ya msikitini hasubiri mpaka baada ya mavuno.

Nyumbani, msibishane naye. Akiuliza ng'ombe wamekunywa, jibu "wamekunywa, mzee," kisha mpe kazi ya mkono. Sioni dhambi hapo. Shoneni namba ya simu ndani ya mfuko wa kanzu, na vijana wa steji wajulisheni jina lake, kwa sababu wao ndio waliomrudisha.

Jirani mwachie Mungu.

*

Sista, kwenye basi la Arua, kabla ya kufika Karuma, kuna mtu husimama akauza vidonge vya ginko, dawa ya majani ya mti, vya kuongeza kumbukumbu, shilingi 20,000. Ninunue?
Msafiri

Usinunue. Wamarekani waliwafuatilia wazee zaidi ya 3,000 wa miaka 75 na kuendelea, kwa miaka kama sita. Nusu wakala ginko, nusu wakala kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2008, na ginko haikuwazuia kupoteza akili. Ukiwa unameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ndiyo kabisa, inaweza kuzidisha kutoka damu.

Ukifika Arua kapime presha. Ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya ubongo, na kwenye kituo cha afya cha serikali kipimo hicho ni bure.