Mkaa wangu, shangingi lako: maswali yenu kuhusu hewa ukaa

Tangu tuandike kuhusu mafuriko ya Rufiji na kimbunga Hidaya cha Mei 2024, maswali yamemiminika. Mengi yanauliza kitu kimoja kwa sura tofauti: nani hasa mwenye kosa? Nimechagua machache. Yale yaliyojaa matusi kwa Wachina nimeyaweka kando.

Napika kwa mkaa. Mwanangu karudi shule ananiambia mama unaharibu dunia. Baba yao naye anasema gesi ni mafuta yale yale, hakuna tofauti. Nishike lipi? (Mama wa watoto watatu, Mbagala)

Baba watoto hajakosea, ila kaishia katikati. Gesi ya mtungi kweli inatokana na mafuta na gesi asilia, na kila kilo moja ikiungua inatoa kama kilo tatu za hewa ukaa, ile gesi ya moshi inayoipasha dunia joto. Mtungi mdogo wa kilo sita, basi, ni kilo 18. Ukimaliza mitungi miwili kwa mwezi, jiko lako linatoa kilo 430 hivi kwa mwaka mzima, kwa ajili ya matumbo yote ya nyumba hiyo. Namba hiyo ishike, nitairudia kwa kijana wa Mwanza hapo chini.

Mkaa hesabu yake haionekani jikoni, iko porini. Kwenye matanuru ya kufukia kwa udongo, kama yale ya Handeni au Morogoro, kilo moja ya mkaa hula kati ya kilo tano na kumi za kuni. Kilichopungua kimeshaondoka na moshi, na ndani ya moshi ule mna methani, gesi inayopasha joto kuliko hewa ukaa yenyewe. Visiki vikiachwa vichipue, miti mipya huivuta tena sehemu ya hewa ile. Pakilimwa ufuta, ndiyo basi tena. Wewe unayenunua kopo gengeni huna namna ya kujua mkaa wako umetoka pori la aina gani, kwa hiyo mwanao hawezi kukuhukumu kwa uhakika huo aliorudi nao.

Sababu ya kuacha mkaa ipo, lakini mimi naanza na kifua chako. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo kama milioni tatu kwa mwaka vinavyotokana na moshi wa majumbani, na wanaobeba mzigo mkubwa ni akina mama na watoto wanaokaa karibu na jiko. Ukipata uwezo, maharage na makongoro yahamishie kwenye jiko la presha la umeme: sufuria ya maharage haimalizi uniti moja. Chapati ziache kwenye gesi. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lengo zuri, ila anayenunua mkaa wa kopo kila jioni anajua vizuri sana kwamba mwisho wa mwezi katumia zaidi. Tatizo lake ni kwamba hana fedha ya kujaza mtungi kwa mkupuo, na semina haimpi fedha hiyo.

Marekani na China ndio wachafuzi. Mimi hata pikipiki sina. Kwa nini kila siku nasikia "ni wajibu wetu sote"? (Kijana, Nyakato, Mwanza)

Una haki ya kuchoka na maneno hayo. Hewa ukaa inafanana na deni kwenye daftari la Mangi: ulichokopa mwaka juzi hakijafutika kwa sababu leo umekuja na adabu. Sehemu ya hewa iliyotoka kwenye viwanda vya Uingereza karne ya 19 ingali juu yetu hadi leo. Ukilifungua daftari hilo tangu ukurasa wa kwanza, Marekani peke yake ina karibu robo ya hewa ukaa yote iliyotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Bara zima la Afrika ni kama asilimia tatu. Kwa hesabu ya mwaka mmoja mmoja, China sasa ndiyo inayoongoza, karibu theluthi ya dunia nzima. Lakini gawanya kwa vichwa: Mmarekani ni kama tani 14, Mchina kama nane, Mtanzania hafikii hata nusu tani.

Hata maneno yenyewe yana historia. Wazo la kupima mzigo wa mtu au mji juu ya ardhi lilitoka chuo kikuu kimoja cha Vancouver miaka ya 1990. Aliyelisambaza likawa jambo la kila mtu kujihesabia hewa ukaa yake nyumbani ni kampuni ya mafuta ya BP, kwa matangazo na kikokotoo chake cha mtandaoni, kuanzia 2004 hivi. Yaani muuza mafuta ndiye aliyekufundisha kujilaumu. Exxon, kampuni ya mafuta ya Marekani, nao walielezwa na mtaalamu wao wenyewe, James Black, mwaka 1977, kwamba kuchoma mafuta kutabadilisha hali ya hewa ya dunia. Waliendelea na kazi, na baadaye wakatoa fedha kuwafanya watu waone suala lenyewe halijathibitika.

Sasa nikuudhi kidogo. Huo wastani wa Mtanzania ni wako na wa mama wa Mbagala, na ni wa bosi pia. Shangingi la V8 likitoka Dar kwenda Dodoma na kurudi ni kilomita 900 hivi. Kwa lita 12 au 13 za dizeli kila kilomita 100, na kila lita kutoa kilo 2.7, safari hiyo moja ni kilo 300. Safari mbili zinapita gesi ya jikoni ya mwaka mzima kule Mbagala. Mara nyingi ndani ya gari mna dereva na mtu mmoja kiti cha nyuma, na treni ya umeme imekuwa ikienda Dodoma tangu 2024. Duniani kote, asilimia 10 ya watu wenye kipato kikubwa wanatoa karibu nusu ya hewa ukaa, na wengine wao wanaishi Masaki na Muthaiga. Wakisema "sisi Waafrika hatuchafui", wanajificha nyuma ya umaskini wako.

Kwa hiyo usipoteze usingizi kwa balbu moja. Una kura na una mdomo, vitumie. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kulinda hali ya hewa, na inayoupuuza inaweza kudaiwa fidia. Shauri hilo lilipelekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa juhudi za Vanuatu, nchi ndogo ya visiwa, baada ya kusukumwa na wanafunzi wa sheria wa huko Pasifiki ambao nao, nadhani, wengi hawakuwa na pikipiki.

Mimi ni fundi friji na AC. Kabla ya kuchaji gesi mpya tunaifungulia ya zamani hewani. Mwenzangu katoka mafunzo anasema tunachafua kuliko magari. Kweli au wanatutisha? (Fundi, Arusha)

Kweli, na swali lako ndilo nililolipenda kuliko yote, maana hapa mkono wa mtu mmoja una uzito.

Chukua friji ya nyumbani yenye R-134a. Ndani mna gramu 100 hadi 150 tu. Lakini kilo moja ya gesi hiyo inapasha joto sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa kwa miaka mia. Ukibonyeza valvu ukasikia ile fyuuu ya sekunde chache, umetoa sawa na kuchoma petroli lita 60 hadi 90. AC ya ukutani yenye R-410A ni habari nyingine kabisa: hubeba kama kilo moja, na kilo hiyo ni zaidi ya tani mbili za hewa ukaa. Petroli lita 900, kwa mchana mmoja, juu ya ngazi, na mteja hajaona kitu.

Ndiyo maana Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali zikakubaliana kupunguza gesi hizi hatua kwa hatua. Makubaliano yale yanajulikana duniani kote kwa jina la mji huo, lakini mtaani kwetu watu hawayajui.

Cha kufanya: mashine ya kunyonya gesi ni ghali kwa fundi mmoja, lakini mafundi wanne au watano wa mtaa mmoja wanaweza kuchangia moja na mtungi wake. Gesi safi mnairudisha kwenye kazi nyingine, ni fedha hiyo. La pili halina gharama: usichaji kabla hujajua panapovuja. Paka povu la sabuni kila kiungo, tazama mapovu. Anayejaza tu bila kuziba anamrudisha mteja baada ya miezi michache, na najua kuna mafundi wanaoipenda hali hiyo. Friji mpya nyingi zinakuja na R-600a, ambayo madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo mno. Ila inawaka moto. Angalia alama kwenye kompresa kabla hujawasha tochi ya kuchomelea.

Assalaam aleikum. Mzaliwa wa Unguja, naishi Muscat. Hapa AC inalala inawaka miezi ya joto, na kila mwaka tunakuja nyumbani kwa ndege, watu sita. Nikisikia bahari inakula pwani kwetu naona haya. Tuache kuja? (Bibi, Muscat)

Waaleikum salaam, bibi. Msiache.

Joto la Muscat likipita digrii 40 AC si anasa, na wazee wanakufa kwa joto. Iweke digrii 24 au 25 badala ya 18, safisha chujio, funga pazia upande wa jua. Umeme wa Oman bado unatoka zaidi kwenye gesi asilia, kwa hiyo kila digrii unayoipandisha ina maana huko kuliko ingekuwa kwa mtu wa Nairobi, ambako karibu asilimia 90 ya umeme ni mvuke wa ardhini, maji na upepo.

Ndege ndiyo nzito. Muscat hadi Unguja kwenda na kurudi ni karibu kilomita 8,000, na kila abiria anabeba zaidi ya nusu tani. Ninyi sita mnafika tani nne hivi. Ni nyingi, sikufichi. Lakini kuja kumwona mama na kuunga udugu mimi siwezi kukuweka kapu moja na anayeruka Dubai kwa siku mbili kununua viatu. Kama likizo za watoto zinaruhusu, kaeni muda mrefu zaidi na mje kwa kuruka mwaka. Mkikuta ukuta wa mawe unajengwa ufukweni kwenu, ulizeni kama kuna mpango wa mikoko. Wanaotoka ng'ambo husikilizwa haraka, na hilo mnalijua.

Kununua mitumba ni dhambi au thawabu? (Dada, Moshi)

Shati la mtumba halikulimiwa pamba mpya wala kutiwa rangi upya, kwa hiyo vaa kwa raha. Tatizo ni zile nguo za chini ya belo zisizovalika, ambazo Ulaya wameziondoa kwao zikaishia dampo letu. Hizo ni zao.

Afisini kwetu wanataka kulipia miti ili watangaze kwamba kampuni haichafui tena. Wanatudanganya? (Karani, Mombasa)

Wanaweza wasiwe wanadanganya kuhusu miti. Hapo kwenu Kwale, Ghuba ya Gazi, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanalinda hektari 117 za mikoko na wamekuwa wakiuza hati za tani za hewa ukaa inayozuiwa na mikoko hiyo tangu 2013, kama 3,000 kwa mwaka. Fedha imeleta maji na vitabu vya shule. Watu wanaiona kwa macho, na mradi ni mdogo kiasi kwamba unaweza kwenda ukauhesabu. Kama wakubwa wako watanunua hapo, vema, waende na wakanyage tope.

Neno la uongo ni "haichafui tena". Jenereta ya dizeli ya afisini itaendelea kutoa moshi ule ule Jumatatu. Waambie waseme "tumechangia mikoko ya Gazi", kisha waonyeshe bili ya dizeli ya mwaka jana na ya mwaka huu.

Wazungu walichimba mafuta wakatajirika. Sasa bomba la mafuta la Hoima, Uganda, linakuja kwetu Chongoleani, wanatuambia tuache. Huo si wivu? (Msomaji, Tanga)

Unafiki upo. Lakini angalia nani yuko ndani ya bomba lenyewe. Katika kampuni ya bomba hilo la kilomita 1,443, TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62. Uganda kupitia shirika lake la mafuta, UNOC, ina 15, sisi kupitia shirika letu la mafuta, TPDC, 15, na kampuni ya mafuta ya China, CNOOC, nane. Wazungu wanaotukataza na wazungu wanaochimba wanatoka mtaa mmoja.

Mafuta ya Ziwa Albert ni mazito, yanaganda kama nta, kwa hiyo bomba linapashwa joto njia nzima. Hilo tu linakula nishati nyingi. Yakifika melini yatachomwa kwingine, na hewa yake itaandikwa kwenye daftari la huko, si la Tanga. Wapo wanaotumia hoja hiyo kusema hatuhusiki. BP na Exxon wamejitetea hivyo hivyo miaka yote: sisi tunauza tu, mchomaji ni wewe. Siwezi kuikataa hoja ikitoka London nikaipokea ikitoka Dar es Salaam.

Hata hivyo simlaumu kijana wa Tanga aliyepata kazi ya kuchomelea mabomba. Nawauliza walioketi mezani: gawio la hiyo asilimia 15 likija, litaingia mfuko gani, na kuna shilingi ngapi ya kuwahamishia mama wa Mbagala na wenzake kwenye umeme? TPDC ni shirika la umma. Mbunge wako anaweza kuuliza bungeni wakajibu kwa maandishi.